Jiko letu la kuni linatoa machozi meusi

SWALI

Kwako Fundi,

Pokea salamu kutoka Elburgon. Nimeolewa hapa mwaka wa tisa sasa, na nilipokuja nililikuta jiko la kuni sebuleni, lile la chuma lenye mlango mbele na chimni inayotokea juu ya paa. Alilinunua baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu. Baridi ya huku unaijua. Mwezi huu wa Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, hawezi kushuka kitandani kabla nyumba haijapata joto.

Shida ilianza baada ya mume wangu kuikarabati nyumba mwaka jana. Alitoa madirisha ya zamani ya mbao akaweka ya alumini, akapiga dari mpya ya mbao, na kwa kuwa bomba la chimni lilikuwa limeliwa na kutu, akaleta fundi aweke jipya. Tangu siku hiyo, nikiwasha tu moshi unarudi ndani. Halafu pale mabomba yanapoungana panavuja kitu cheusi kama lami. Kinateremka kwa nje, kinadondoka sakafuni na kuchora michirizi ukutani. Nimesugua kwa sabuni na hata kwa Steel Wool, hakitoki. Mama mkwe husema jiko linalia.

Wiki mbili zilizopita, kama saa tano usiku, tulisikia mngurumo ndani ya bomba kama lori linalopanda mlima. Bomba likawa jekundu. Mume wangu alimwaga ndoo ya maji kupitia mlango wa jiko, mvuke ukajaa nyumba nzima, na moto ukazima. Tumeendelea kulitumia kwa sababu hatuna njia nyingine.

Mume wangu anasema jiko limezeeka, tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Fundi aliyeweka bomba anasema tununue vipande viwili zaidi. Jirani ananiambia nichome maganda ya viazi na chumvi. Mama mkwe anasema jiko halina kosa. Wakati wake walichoma mabanzi ya saipresi kutoka viwanda vya mbao, lakini viwanda viliponyamaza baada ya marufuku ya ukataji miti ya 2018, kijana wake akaanza kununua bluugamu kutoka shamba la jirani. Mama mkwe ndiye anayelifunga jiko usiku: hulijaza kuni, akafunga tundu la hewa na kile kifuniko cha kuzungusha ndani ya bomba, ili moto ulale hadi asubuhi.

Kifungua mimba wangu siku hizi anaamka akilia kichwa, wakati mwingine anatapika, lakini akifika shuleni anakuwa sawa. Nafikiri ni baridi. Nimewaza tuliache jiko hili na nimwekee mama jiko la makaa chumbani kwake mpaka baridi ipite. Naomba ushauri wako.

Mama wa Wawili, Elburgon

JIBU

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwa sababu jambo la haraka kuliko yote umeliweka huko chini: kichwa cha mtoto.

Mtoto anayeamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, kisha akitoka nyumbani anapona, hana mafua. Huenda anavuta kaboni monoksaidi usiku kucha. Ni gesi inayotoka kwenye kuni au makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi ukikuzidi utakimbilia nje. Gesi hii inakulegeza, inakutia usingizi, na aliyelala hajui kwamba anazidi kuzama. Watoto na wajawazito huumia upesi kuliko wengine. Kwa hiyo leo jiko hilo lisiwashwe. Mpeleke mtoto hospitalini, na umwambie daktari waziwazi kwamba mnalala na moto ndani ya nyumba. Dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya kawaida, na daktari asiyeambiwa habari za moto anaweza kuangalia kwingine.

Na hilo wazo la jiko la makaa chumbani kwa mama, naomba uliondoe kabisa. Watu huyaamini makaa kwa sababu yakishakolea hayatoi moshi. Lakini gesi yanatoa, na nyingi, tena jiko la makaa halina chimni ya kuipeleka nje. Mama atalala kwenye chumba kilichofungwa vizuri, na mnaweza kumkuta asubuhi hajaamka. Mpe chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, moja miguuni na moja magotini, na blanketi la ziada, mpaka mmalize kazi nitakayowaeleza. Dukani pia kuna vidude vidogo vinavyolia vikinusa kaboni monoksaidi. Mkipata kimoja, kikae sehemu mnayolala, hata baada ya jiko kutengenezwa.

Sasa huo mngurumo. Ule ulikuwa moto wa chimni. Yale machozi meusi yakikauka ndani ya bomba hugeuka ganda linalong'aa kama lami ya barabarani, na cheche moja ikilifikia linawaka lenyewe, juu kule, kwa joto linaloweza kulainisha chuma. Mlinusurika. Maji mliyomwaga yangeweza kupasua jiko na kuwaunguza kwa mvuke. Siku ikitokea tena, Mungu apishe mbali, funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa ili moto ukose pumzi, toa watu wote nje, kisha pigeni 999 au 112 na mwite majirani. Na hata moto ukizima msiingie kulala. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako moto wa aina hii ulikuwa umezimwa jioni. Nilipopanda darini usiku nikaweka kiganja kwenye boriti iliyo karibu na bomba, ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji. Nikaikwangua kwa kisu. Ndani ilikuwa kaa jekundu, inafuka polepole, na watoto walikuwa wameshalazwa chini yake. Kwa hiyo kesho mchana mume wako apande darini kwenu na tochi, aguse kila mbao iliyo karibu na bomba, atafute iliyobadilika rangi.

Akiwa huko huko apime. Bomba la bati moja, lisilo na koti la kuzuia joto, linatakiwa kuwa sentimita 45 kutoka kwa mbao yoyote. Dari yenu mpya nina wasiwasi nayo sana. Mafundi wengi hukata tundu linalobana bomba ili ipendeze, na mbao inayopashwa joto kila siku hukauka hadi ikaweza kuwaka kwa joto dogo kuliko mwanzo. Kateni nafasi pana na muizibe kwa bamba la chuma, au pale linapopita darini pawekwe bomba la matabaka mawili lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Nije kwenye chanzo chenyewe, maana hapa mama mkwe wako amesema kweli kuliko sisi sote, ingawa nusu ya shida pia iko mikononi mwake.

Jiko lenu halina ubovu. Mnalilisha maji. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni za kuchomwa ndani ya jiko la namna hii zinatakiwa kuwa na maji chini ya asilimia 20. Mkokoteni ukikuletea kilo 100 za bluugamu mbichi, umelipia kilo kama 50 za maji, na moto lazima uyachemshe yote kabla haujakupa joto. Kazi hiyo huupoza moto. Moshi unapanda ukiwa baridi, mzito, umejaa mvuke na mafuta ya mti ambayo hayakupata nafasi ya kuungua. Ukikutana na bomba ambalo joto lake limeshuka chini ya nyuzi 120 hivi, unaganda ukutani mwa bomba kama jasho kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Hiyo ndiyo kriosoti, lami ya moshi, hayo machozi yako. Mabanzi ya saipresi ya zamani yalikuwa membamba, yamekaa kwenye jua la kiwandani miezi na miezi. Ndiyo maana jiko lile lile halikuwa likilia.

Halafu kuna usiku. Mama anafanya alichofundishwa na mama yake kwenye mafiga: kufukia moto kwa majivu ulale, asubuhi upulize uamke. Ni ujuzi, na kwenye mafiga unafanya kazi vizuri kwa sababu kinachofukiwa ni makaa yaliyokwisha kukolea, na paa la nyasi linapumua. Jiko la chuma lililojazwa kuni mbichi kisha likafungwa pumzi ni jambo jingine. Kuni haziwaki wala hazizimi, zinafuka hadi alfajiri, bomba limepoa, na kifuniko cha ndani kimezuia njia. Lami inatengenezwa usiku kucha, na gesi isiyopata njia ya juu inarudi chini kumtafuta mtoto wako.

Kuuhifadhi moto bado kunawezekana. Saa moja au mbili kabla ya kulala, wekeni kuni kavu, muziache ziwake kwa nguvu hadi miali yote iishe na kubaki makaa mekundu. Yakusanyeni nyuma ya jiko, muyafunike na majivu, mpunguze tundu la hewa bila kulifunga kabisa. Kile kifuniko cha ndani ya bomba kiachwe wazi usiku kucha. Mimi ningekitoa au nikikaze kibaki wazi, kwa sababu katika nyumba yenye watoto sioni faida yake inayofikia hatari yake.

Uliposema kitu cheusi kinateremka nje ya bomba, ulinipa jibu jingine bila kujua. Kila kipande cha bomba kina upande mmoja uliofinywa, dume, unaoingia ndani ya mwenzake. Dume hilo linatakiwa kutazama chini, kwenye jiko, ili lami ikiteremka ibaki ndani na irudi motoni iungue. Fundi wenu aliyapanga kinyume, dume juu. Wengi hufanya hivyo wakidhani ndivyo moshi utakavyopita vizuri. Mabomba yafunguliwe na kupinduliwa. Hayo mawili ya ziada msinunue kwa sasa, isipokuwa kama chimni ni fupi. Kipimo chake ni hiki: itokeze juu ya paa kama mita moja, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka pale, iwe ni mgongo wa paa au tangi la maji.

Angalieni pia bomba limetengenezwa kwa bati gani. Nimekuta mengi yaliyoviringishwa kutoka mabati ya paa ya geji 28 au 30. Hayo ni membamba kwa kazi hii, na yakipata joto kali mipako yake ya zinki hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Tafuta bati jeusi la geji 24 au nene zaidi. Kumbuka namba ya geji ikipungua, bati linanenepa. Na kwa kuwa bomba lenu lilishakuwa jekundu, kama limepinda au ganda la ndani linang'aa na halibanduki kwa brashi, litupeni. Hilo haliokoleki.

Moshi kurudi unapowasha kuna uwezekano unatokana na madirisha mapya. Yale ya mbao yalikuwa na nyufa, na jiko lilivuta hewa kupitia nyufa hizo bila mtu kujua. Alumini imeziba. Jiko linataka kutoa hewa juu na hakuna inayoingia chini, basi chimni inageuka mlango wa kuingilia. Kujua ni rahisi: fungua dirisha lililo karibu upana wa vidole vitatu, washa. Moshi ukipanda, umepata jibu, na dawa ni tundu la kudumu la hewa lenye wavu, karibu na jiko, ambalo hakuna mtu atakayeliziba kwa tambara. Kama bado unarudi, bomba limepoa na hewa nzito imekaa ndani. Kunja gazeti, liwashe na kulishikilia karibu na mdomo wa bomba kwa dakika moja kabla ya kugusa kuni. Kisha tundu la hewa libaki wazi kabisa kwa dakika 20 za kwanza.

Usafi sitaurefusha. Jiko likiwa baridi kabisa, vipande vya bomba vitolewe nje, vigongwe na kupigwa brashi ya waya yenye upana sawa na bomba, na anayefanya kazi hiyo ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Juu kabisa, kwenye kofia ya chimni, mara nyingi kuna masizi au kiota kimeziba. Msimu wa baridi chunguza kila mwezi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, safisha. Maganda ya viazi na chumvi ya jirani hayawezi kuchukua nafasi ya brashi. Chumvi hata inaharakisha kutu.

Kabla ya kuwasha tena, kwa sababu ya ile ndoo ya maji, subirini giza, zimeni taa, weka tochi inayowaka ndani ya jiko na ufunge mlango. Zunguka ukilitazama. Mwanga ukichungulia popote isipokuwa kwenye tundu la hewa, hapo pana ufa, na paonwe na mchomeleaji anayejua chuma cha kusubu. Mlango nao ujaribu kwa karatasi: ibane mlangoni, vuta. Ikitoka bila kushikwa, ile kamba inayozunguka mlango imekwisha, ibadilishwe.

Tuje kwa kuni. Bluugamu ni kuni nzuri, moto wake ni mkali na wa kudumu, ila haina haraka ya kukauka. Ipasueni ikiwa bado mbichi, maana ikikauka nyuzi zake zilizojisokota zitawavunjia mashoka. Vipande visizidi unene wa mkono. Zipangeni juu ya nguzo mbili ziinuke kutoka ardhini, mabati juu, pande zote wazi upepo upite. Kufunika kwa turubai hadi chini ni kuzichemsha kwa jasho lake. Hesabu miezi sita kwa uchache, na kwa ukungu wa Elburgon mwaka mzima ni bora. Za Julai ijayo zipasuliwe sasa ili zipate kiangazi chote cha Desemba hadi Machi.

Baridi ya mwaka huu mtaivuka na magunzi ya mahindi ya msimu uliopita, mabaki ya mbao kavu kutoka kwa maseremala, na miwati iliyokufa ikiwa bado imesimama. Moto mdogo unaowaka vizuri utapasha nyumba kuliko jiko lililojaa kuni zinazofuka. Mkiomba mabaki, kataeni vipande vya nguzo na fito zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani: baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na ikichomwa inabaki kwenye moshi na majivu. Majivu safi yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta, kwa sababu kaa lililofukiwa linaweza kukaa hai siku kadhaa. Yapeleke kwenye sukuma wiki, si kwenye viazi. Majivu hupunguza asidi ya udongo, na ukurutu wa viazi unapenda hali hiyo.

Limebaki la mama. Usiende kumwambia kwamba yeye ndiye amekuwa akiwatilia moshi. Mwambie, mbele ya kijana wake, kwamba alisema kweli kuhusu kuni, na fundi amekubaliana naye. Kisha mpe kazi ambayo hakuna anayeiweza nyumbani hapo kuliko yeye. Mchukue kwenye rundo jipya, mwachie achague vipande vitatu, avitie alama kwa chaki. Kila Jumamosi mvipime kwenye mizani ya duka na yeye aweke hesabu. Uzito utashuka, utashuka, na siku utakapokoma kushuka kwa wiki tatu mfululizo, agonganishe viwili masikioni pako. Kuni mbichi hulia bu. Kavu hulia ko. Hiyo sauti anaijua tangu akiwa msichana, na yeye ndiye aseme siku ya kuanza kuzichoma.